Viazi Vitamu vya Mbwa wa Bucha

Mwenye bucha alikuwa na dharau ya kila saizi, kama alivyokuwa na visu. Aliwadharau wanaonunua kidogo, akawadharau wanaouliza bei kisha wakaondoka, akawadharau zaidi wale wanaoomba nyama isiyo na mafuta. Lakini ile dharau yake kali, aliyokuwa akiinoa kila asubuhi kabla hata ya kisu, aliiweka akiba kwa wauza mboga.

"Mbuzi amekula majani, mimi nimemla mbuzi," alikuwa akiwaambia wateja huku shoka likitua kwenye gogo. "Sasa mimi nile majani ya nini? Nirudie kazi aliyokwisha kuimaliza mbuzi?"

Wateja walicheka. Nani asingecheka, na mizani iko mkononi mwake? Walimwita Mnofu, naye akalichukua jina hilo kuwa sifa. Haikuwa sifa. Kila alichouza yeye alikiita mnofu, hata kikiwa mfupa mtupu uliowahi kupitiwa na nyama siku za nyuma.

Mlangoni pa bucha alilala mbwa wake, Meneja. Alikuwa mbwa mwekundu, mnene, mwenye shingo iliyokunjana mafuta na kazi moja tu duniani. Mtu akipita, Meneja alifungua jicho moja. Akimwona hana kitu, alilifumba. Mnofu alimlisha mafuta ya figo, vipande vya nundu na ngozi zenye utelezi ambazo hata nzi waliziendea kwa kusitasita. Alisema mbwa yule ndiye kibao chake cha duka. Mbwa wa bucha akikonda, wateja watauliza nyama inakwenda wapi.

Ng'ambo ya kijia, hatua chache tu kutoka kwenye mkia wa Meneja, palikuwa na meza ya mboga za mizizi. Karoti zilipangwa vichwa upande mmoja, viazi vitamu vikapangwa kwa ukubwa, mihogo ikasimamishwa ndooni, na bitiruti zikawekwa mbali ili zisiwachafue wenzao. Mwenye meza alikuwa mtalaka wa Mnofu. Alipoondoka nyumbani kwake alikwenda kuomba nafasi ya biashara kwa katibu wa soko, na nafasi iliyokuwa wazi ni hiyo. Watu walisema aliitafuta makusudi. Hakuitafuta, lakini alipoonyeshwa hakuikataa pia.

Tangu siku ile hawakusemeshana. Mnofu alimsema tu, tena kupitia kwa wateja, kwa sauti ya kutosha kuvuka kijia. "Kuna watu walilishwa nyama wakakimbilia magimbi. Tumbo la kimaskini halina dawa." Mtalaka alinyunyizia karoti zake maji. Hakutaka kumpa uso. Ukweli ni kwamba nyama hiyo anayoitaja ilikuwa ikiishia mlangoni pa bucha. Enzi za ndoa yao, jioni Mnofu alirudi nyumbani na mifuko ya mifupa, akaibwaga mezani, akangoja kushukuriwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sijui wangesema nini juu ya mkono uliokwisha kulambwa na mbwa kabla ya kufika nyumbani.

Basi siku moja Meneja akakataa kula. Alisimama amekunja mgongo, kichwa chini na makalio juu, akatapika maji ya njano, akajikunyata nyuma ya friza. Mnofu alifanya alichojua. Alimpelekea ini. Ini likakataliwa. Akampelekea kipande cha nundu kilichonona mpaka kinang'aa, akakishika kwa vidole mbele ya pua yake kama anayembembeleza bwana mkubwa. Meneja aligeuza uso ukutani.

Aliyeitwa ni daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, yule yule anayekagua nyama ya soko na kuigonga mhuri. Daktari huyo Mnofu hakuthubutu kumdharau, maana bila mhuri wake hakuna biashara. Daktari alimbonyeza Meneja tumbo, Meneja akalia.

"Unamlisha nini huyu?"

"Nyama."

Daktari alilitazama karai la mbwa lililogandamana mafuta meupe. "Hii siyo nyama, mzee, haya ni mafuta ya kupaka ekseli ya lori. Umemlisha hivi mpaka kongosho limevimba."

Alimchoma sindano, akampa maelekezo polepole kama mtu anayejua hasikilizwi. Mafuta basi, maisha yake yote. Chakula chake kikuu kiwe kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, na pembeni viazi vitamu au karoti, kidogo tu, kwa sababu mbwa si sungura. Vimenywe, vichemshwe mpaka vilainike, vipondwe. Chumvi asitie, mafuta asitie, na kitunguu cha aina yoyote kisisogee karibu na sufuria, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

"Viazi mviringo vyenye rangi ya kijani au vilivyochipua, usimpe. Muhogo mbichi usimpe. Karoti nzima usimpe, atakabwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Hakuelewa kitu. Alichosikia ni kwamba mbwa wake, mbwa wa bucha, amehukumiwa kula mboga, na mboga zenyewe zimepangwa kwa ukubwa pale ng'ambo. Angeweza kwenda meza nyingine. Lakini wauza mboga wote wa soko lile alikwisha kuwatukana, mmoja mmoja na kwa makundi, na hakuna hata mmoja ambaye angemuuzia karoti bila kupiga vigelegele. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wanasema. Mnofu alikuwa amewatukana wakunga, mama zao na shangazi zao.

Basi mtu mzima yule, mwenye bucha lake na friza mbili, akaenda nyuma ya soko kunakomwagwa taka za malori ya mboga. Akainama, akaokota viazi mviringo vilivyotupwa. Vilikuwa vya kijani, vimechipua mpaka vina ndevu, na waliovitupa walikuwa watu wenye akili zao. Akarudi navyo kwa mlango wa nyuma. Akavibandika na maganda yake katika lile sufuria la supu lenye utando wa mafuta wa tangu enzi, na kwa kuwa mkono ulizoea, akakatia kitunguu ndani. Alionja. Akaona bado pamepungua kitu, akatupia kipande cha mafuta.

"Mbwa si mgonjwa wa hospitali," alijisemea. Daktari aseme atakavyo, lakini chakula bila mafuta ni adhabu.

Meneja alikula. Alikula kwa heshima tu, mbwa maskini, kwa sababu mkono ulikuwa ule ule aliouzoea. Kabla ya bucha kufungwa alikuwa amelala ubavu, miguu ikimtetemeka, na alipojaribu kusimama aliteleza kwenye matapishi yake.

Daktari alirudi. Alifunua sufuria, akalitazama, akalifunika.

"Mzee, huyu mbwa unamtibu au unamuua? Maana kama unamuua, kuna njia za haraka."

Alimtundikia dripu, akaifunga kwenye ndoano ya nyama. Alikaa naye mpaka tumbo lilipotulia. Akasema hawezi kuahidi lolote. Kesho asubuhi waanze na kijiko kimoja cha kiazi kitamu kilichopondwa. Kikikaa tumboni, aongezwe. Kikirudi, asiitwe tena, hana jingine la kufanya.

Mnofu aliogopa. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu yeye mwenyewe asingelisema hata kwa viboko. Alikaa sakafuni mwa bucha lake mwenyewe, miguuni kandambili zenye damu kavu, akahesabu watu ambao wangemuuliza amelalaje, hakumpata hata mmoja. Wateja walicheka naye, kisha wakaenda zao. Nyumbani hapakuwa na anayemngoja. Aliyekuwa akimngoja kila siku alikuwa hapa, amelala chini ya ndoano, na yeye ndiye aliyempikia sumu.

Asubuhi alivuka kijia. Soko zima lilimwona akivuka. Muuza nyanya aliacha kupanga nyanya. Mnofu alisimama mbele ya meza ya mtalaka wake, mikono kwenye aproni, akazitazama karoti badala ya mtu.

"Nipe viazi vitamu."

"Vya nani?"

"Vya kula."

"Wewe huli majani."

"Vya mbwa."

Mtalaka alikuwa na nafasi yake hapo. Matusi yote ya miaka yale yalikuwa mezani, angechagua tu la kumrudishia, na muuza nyanya alikwisha kujiweka vizuri asikie. Lakini alichukua kiazi, akakibonyeza, akakirudisha. Akachukua kingine, akakigeuza, akaonyesha doa jeusi. "Hiki kinaoza kwa ndani, hata mtu hali." Alimchagulia vitatu vizuri, akaongeza karoti mbili.

Mnofu alirudi navyo. Alikaa kwenye kigoda cha mlangoni, akachukua kisu chake cha kuchuna ngozi, akaanza kumenya. Yule aliyekuwa akimtenganisha ng'ombe mzima bila kugusa mfupa alikatakata kiazi mpaka nusu yake ikaenda na maganda. Ng'ambo, mtalaka alisonya. Alivumilia kiazi cha kwanza. Cha pili kilipoanza kuchinjwa alichukua kisu chake kidogo chenye mpini wa kamba, akavuka kijia, akaingia bucha ambalo hakuwa amelikanyaga tangu atoke kwenye ndoa.

"Leta hapa. Hivi. Ngozi tu, siyo mwili."

Alimenya kimoja, akampa kisu. Mnofu akamenya.

"Sufuria hilo lina mafuta."

"Nimelisuuza."

"Lisugue."

Mnofu alilisugua kwa mchanga, akalisuuza, akalisugua tena. Alikata vipande vidogo, akabandika, akainamia jiko akikoroga kama vingemtoroka. Vilipolainika alivimwaga maji, akaviponda kwa mgongo wa kijiko mpaka hapakuwa na hata donge. Akavipuliza. Akagusisha kidogo kwenye mdomo wake kupima moto, yeye, mdomo ule ule uliodharau majani, akapuliza tena. Kisha akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akamwinua Meneja kichwa kwa mkono wa kushoto, akamwekea kijiko mdomoni.

"Kula, baba. Kula kidogo tu. Kidogo, babangu."

Ilichukua muda. Ulimi ulitoka, ukagusa, ukarudi. Ukatoka tena, ukalamba. Mnofu alingoja, mkono ukiwa pale pale chini ya kichwa cha mbwa, ingawa goti lilimuuma na mteja wa kwanza alikwisha kusimama mlangoni akiulizia maini. Hakumjibu. Kiazi kilikaa tumboni. Akachota kingine, akakipuliza.

Mtalaka wake alikuwa amesimama kando ya mizani. Aliyaona yote, tangu kusugua mpaka kupuliza.

"Unakumbuka nilipolazwa na tumbo?" alisema. Hakupandisha sauti. "Nilirudi, daktari amenikataza mafuta. Nikakuomba unichemshie viazi, kwa sababu kusimama nilikuwa siwezi."

Mnofu hakuinua uso. "Nilikuwa sijui kupika."

"Ndivyo ulivyosema. Ukaniletea supu ya kwato, ukaniambia nikikataa nilale na njaa. Nililala na njaa. Miaka yote nimekuwa nikijiambia, masikini, mwanamume hakufundishwa, mikono yake inajua kukata tu. Nilikuhurumia kwa hilo, unajua? Mimi niliyeondoka, ndiye niliyekuwa nikikutetea kwa watu."

Alichukua kisu chake kidogo, akakifuta kwenye kanga.

"Kumbe ulikuwa unaweza."

Akatoka. Alivuka kijia, akarudi kwenye meza yake, na mtu aliyekuwa akingoja mihogo akahudumiwa kama kawaida. Mnofu alibaki amepiga magoti, akitafuta la kumjibu. Soko zima lilijua kuwa hakosi neno. Alikuwa na neno la muuza nyanya, neno la katibu, neno la kila mpita njia. Mteja akauliza tena maini. Meneja akakisukuma kijiko kwa pua, anataka kingine, naye akampa.