Marahaba Iliyobaki Kisimani

Jumanne, saa nne asubuhi, kisima cha marehemu mdogo wangu kule Makote kilikauka. Ni kisima cha kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Alikichimba mwenyewe, na huku kwetu juu mlimani maji hayo ndiyo ya kunywa mpaka mvua zirudi.

Mjane wake alitaka mipira ya matone, ile inayodondosha maji kidogo kidogo shinani, kwa ajili ya nyanya zake. Muuzaji wa Masasi akaja kumfungia vinyunyizio vya kurusha maji juu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo dukani. Hakufunua hata mfuniko wa kisima. Aliwasha pampu, akasema iachwe iloweshe shamba lote, akaondoka. Kilichofuata kutoka kisimani kilikuwa matope.

Nilimsindikiza shemeji dukani. Muuzaji aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Shemeji hakuitika. Aliweka kinyunyizio kimoja juu ya kaunta, taratibu.

"Shikamoo, mama."

Watu wakageuka, maana kwetu hata mgomvi wako humwitikia.

"Mama, mbona mashine ni nzima? Maji tu ndiyo yameisha."

"Marahaba yako iko kisimani," akasema shemeji. "Nenda ukaichote."

Wateja walicheka. Mimi sikucheka, na hasira ninayo hadi leo. Mtu anafunga mitambo bila kuuliza maji yanatoka wapi, halafu tunamwita mtaalamu! Shemeji sasa anaomba ndoo kwa jirani.

Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu mdogo wangu. Jasho lake limemwagwa juani. Mnyweshe wewe maji yasiyokauka. Amina.