Barua ya Maombi Niliyoituma Nyumbani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyobatizwa, na si siku ya kuonea fahari. Nilikuwa nimeketi jikoni kwa Mama Furaha, mtaa wa Overport hapa mjini, nikisoma barua ya kunipongeza. Nitakueleza ni nani aliyenipongeza na kwa lipi, maana umeniambia mwezi ujao unakwenda Meksiko kuwa mmisionari, na nimesikia umekwisha kufungua kundi kwenye simu ili watu wa huku Durban wapokee habari zako kila wiki. Hilo kundi ndilo lililonifanya nitafute miwani niandike. Univumilie nikizunguka kidogo kabla sijafika, ndivyo tulivyo wazee.

Nilikuja mji huu nikiwa na miaka ishirini na minne. Kanisa letu kule Kenya, milimani, lilikuwa limeamua kutuma mmisionari wake wa kwanza, na katika vijana waliojitolea mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Sijapata kuona sababu nyingine ya kuchaguliwa kwangu. Niliwekewa mikono, nikaimbiwa, nikapewa blanketi zito la sufu. Wewe uliyezaliwa hapa unajua joto la Durban. Lile blanketi nililikunja nikalifanya mto.

Kazi yangu ilikuwa kusaidia ushirika mdogo wa watu wa Kiswahili waliokodi ukumbi wa shule, Wakongo wengi, na Wakenya na Watanzania wachache. Nililala chumba cha nyuma kwa Mama Furaha, mjane wa kutoka Bukavu, shemasi wa ushirika huo. Nilikuwa nimedhani umisheni ni mahubiri, kumbe ni foleni. Alfajiri tulisali, kisha niliandamana na akina mama kwenda kupanga mstari wa karatasi za ukimbizi, nikawashikia watoto mpaka adhuhuri. Nikirudi nilifua. Alasiri nilipanda na kushuka mitaa ya Overport nikiwatembelea wagonjwa, ambao mara nyingi walikuwa wamekwenda kazini na ugonjwa wao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilijiona mimi ndiye mgeni huyo, ila wenyeji hawakuonyesha dalili ya kupona chochote, na mgeni ndiye aliyekuwa akifundishwa namna ya kusimamisha taksi, hizi matatu zenu za huku, kwa kidole.

Kila mwisho wa mwezi nilitakiwa kuandika barua ya maombi. Katibu wa kamati ya umisheni aliisoma kanisani Jumapili, kisha ikabandikwa ubaoni pale mlangoni. Barua zangu za kwanza zilikuwa za kweli, kwa hiyo zilichosha. Niliandika kwamba tumepanga foleni, kwamba mvua imeingia ukumbini, kwamba mtoto wa shule ya Jumapili ameniuliza kama Mungu ana pasipoti. Baada ya miezi mitano katibu akaniandikia kwa upole: "Dada Rebeka, kanisa lina kiu ya shuhuda. Wengine wanasinzia wakati wa barua." Niliumia. Nilijua wanasinzia kweli, nikaanza kutembea mjini nikitafuta ushuhuda kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha.

Nikampata Mwalimu Silas. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa kwetu milimani, ingawa hatukuwahi kujuana huko. Alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kupata ufadhili wa kuja Durban kusomea shahada ya udaktari. Mwaka wa pili ufadhili ulikatika. Alijaribu hili na lile, yote yakagonga mwamba, akaishia kuvaa kizibao cha njano na kulinda magari ya wateja mbele ya maduka ya Overport. Kwao hawakujua. Mama yake alikuwa akimwambia kila anayepita kwamba mwanawe anakaribia kuwa daktari, si wa sindano, wa vitabu.

Haya yote aliniambia Alhamisi moja jikoni kwa Mama Furaha, baada ya maombi, wengine walipokwisha kuondoka. Alilia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia. Akasema, "Desemba nakwenda nyumbani. Nataka mama aisikie kutoka kinywani mwangu. Si kwa simu, si kwa barua. Nikae naye jikoni, sisi wawili, nimwombe msamaha kwa kumdanganya miaka mitatu."

"Utamwambiaje?" nikamuuliza.

"Maneno ninayo. Nayarudia kila siku pale kwenye magari."

Tukashikana mikono nikamwombea. Niliomba vizuri siku ile, na sikuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini mwisho wa mwezi ulipofika nikakaa na karatasi yangu tupu, nikakumbuka wale wanaosinzia, nikamwandika Silas. Niliandika kilio chake, kizibao chake, ufadhili uliokatika, mama anayengoja daktari. Jina sikulitaja, niliweka herufi ya kwanza tu, nikajiona mtu mwangalifu. Ndugu S., mwalimu, wa milima yetu, aliyekuja Durban kusomea udaktari. Mwanangu, katika milima ile yote aliyekwenda Durban kusomea udaktari alikuwa mmoja. Hata mbuzi wa kwetu wangemtambua.

Nikaitia posta, nikasahau. Alhamisi ya mwezi uliofuata Silas hakuja kwenye maombi, wala iliyofuata. Nikadhani ana mafua. Ndipo ikaja ile barua niliyokuambia, barua ya katibu, nami nikaisoma kwa sauti ili Mama Furaha, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, pale mlangoni, apate kusikia jinsi ninavyosifiwa.

Katibu aliandika kwamba haijapata kusomwa barua kama ile. Kanisa zima lilitokwa na machozi. Na kwa neema ya ajabu, akaendelea, mama mzazi wa ndugu huyo alikuwepo ibadani, benchi la akina mama. Wakamwita mbele, wakamwekea mikono, na mbele ya watu wote akatamka kwamba amemsamehe mwanawe, na kwaya ikaimba. "Endelea kutuletea shuhuda za namna hii," ndivyo alivyomaliza.

Mstari wa kwanza niliusoma nikitabasamu. Huo wa mwisho sijui niliusomaje. Mchi ulikuwa umenyamaza.

"Soma tena pale pa mama," akasema Mama Furaha.

Nikasoma tena.

"Ule mtu alilia mbele ya nani?"

"Mbele yangu, mama."

"Kanisa ya Kenya ilikuwa hapa?"

"Haikuwa. Lakini nilitaka waombe pamoja nasi. Na si wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua?"

"Hakuficha. Alikuambia weye." Hakupandisha sauti. "Mungu alimusikia hapa hapa jikoni, siku ile ile. Sasa ile barua uliandikia nani, Mungu ao watu?"

Niliikunja ile barua nikairudisha kwenye bahasha. Yeye akarudia sombe yake, akatwanga kidogo, akasema bila kuniangalia, "Kesho utaenda kumutafuta. Usiende na Biblia mukononi. Enda na kichwa chini."

Walinzi wenzake pale madukani waliniambia Silas amehama, yuko Bluff, analinda magari kwenye maegesho ya ufukweni. Nilipanda taksi mbili. Nilimkuta amesimama juani na kizibao chake, akimwelekeza mtu kurudisha gari nyuma. Alinisalimia kwa adabu, akaleta kreti tupu ya soda akaifuta kwa mkono, akanikalisha. Adabu ile iliniumiza kuliko kama angenifukuza.

Nikamwambia yote, sikujitetea. Dada yake, akasema, alimpigia simu jioni ya Jumapili ile ile. Kisha akaenda kulielekeza gari lingine, akarudi.

"Eish, Dada Rebeka. Watu wananiambia nishukuru. Mama hana hasira, wala kanisa halina hasira. Nimesamehewa na kwaya juu."

"Lakini hukufurahi."

"Nimesamehewa na mimi sipo. Miaka mitatu nimeyabeba maneno ya kumwambia mama. Msamaha umefika kabla sijaomba. Sasa yale maneno nimpelekee nani?"

Nililia pale kwenye kreti, na watu waliokuwa wakishuka kwenye magari na taulo zao walituangalia. Nilimwomba msamaha. Aliniacha nimalize, akatoa kitambaa chake akanipa.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila na hili usiliandike."

Mwezi ule niliandika barua fupi kwa kanisa. Sikumtaja mtu. Nilisema kwamba nilitoa hadharani jambo nililoambiwa katika maombi, kwamba nimetenda dhambi, na kwamba ninawaomba wote waliosikia wasilizungumze zaidi. Katibu hakuisoma. Alinijibu kuwa barua ya aina hiyo haijengi. Baada ya hapo nikarudi kwenye foleni zangu na mvua ya ukumbini, watu wakarudi kusinzia, na baada ya mwaka mmoja kamati ikaona mmisionari wao hana matunda, ikaacha kunitegemeza. Siwalaumu. Nikapata kazi ya kufundisha watoto wadogo kule Morningside, nikaendelea kuwashikia akina mama watoto wao kwenye mistari siku nilizokuwa na nafasi. Nilikaa huku mpaka nikawa bibi unayemjua.

Sasa utaniuliza, kama aliniambia nisiandike, mbona nimeandika. Uliponiambia habari ya Meksiko nilimpigia simu. Amekwisha kuwa babu, yuko kwao, anafundisha wajukuu hesabu. Nikamwomba ruhusa. Hakujibu siku ile, alijibu baada ya wiki tatu. Akaniambia kwamba Desemba ile alikwenda nyumbani kama alivyopanga, na kwaya ilimngoja stendi. Nyumba ilijaa watu siku zote alizokaa. Kila alipotaka kuingia jikoni kwa mama yake alimkuta amezungukwa na wageni waliokuja kumwona mwana aliyesamehewa. Alijiambia atayasema mwaka utakaofuata. Mama yake akafariki kabla ya Pasaka.

"Hakuyasikia?" nikauliza.

"Hakuyasikia. Waambie wanaokwenda huko nje. Na safari hii, Dada Rebeka, badilisha jina vizuri."

Basi nimebadilisha. Silas si jina lake, wala shahada haikuwa ile, na milima nayo usijisumbue kuitafuta.

Nimefika pale nilipokuwa nikienda, mwanangu. Huko Meksiko utafika ukiwa na moyo mkubwa na kazi ndogo ndogo. Utaosha masufuria, utasubiri basi, utakosea kuzungumza Kihispania na wazee watakucheka. Hayo waandikie watu wako, hata wakisinzia, maana ni yako. Lakini kuna siku mtu atakukalia karibu afungue moyo wake. Utasikia utamu wa kuaminiwa, na utamu huo una hila, kwa kuwa utakusukuma uende kumwonyesha mwingine ulichopewa. Usiende. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi uko kwenye kidole hicho hicho kinachobonyeza simu. Utajiambia kwamba Meksiko ni mbali, huku Durban hakuna anayemjua mtu huyo, na umeficha jina na uso. Mimi nilijiambia hivyo nikiwa na herufi moja mkononi. Kila mtu ana mama yake mahali, na habari ina miguu kuliko wewe.

Na ukitaka kumwombea mtu, mwombee pale mlipo. Kama unaona ni lazima wengine waombe, muulize kwanza yeye mwenyewe, na akisema hapana, waambie watu wa kundi lako wakuombee wewe, kwa sababu umebeba kitu kizito. Watatosheka. Wasipotosheka, waache wasinzie. Lakini toba ya mtu usiitangulie. Hata ukiwa na hakika kwamba mwisho wake ni msamaha, mwache aende nayo mwenyewe, kwa miguu yake, aifikishe kwa yule anayemwomba msamaha. Mimi nilimfupishia mtu njia ile, na katika maisha yangu yote sijapata namna ya kumrudishia.

Nenda salama, mwanangu. Bwana akutangulie kwenye nyumba usizozijua, akupe wenyeji wa kukurudi kwa sauti ya chini, akupe chakula utakachoweza kukila. Ajaalie watu wasiogope kulia mbele yako. Nawe akupe kifua. Amina.