Zamu ya Baba Mkubwa

Ruta ya kwanza niliyoifungua ilikuwa imeshakufa, na ndiyo maana nilipewa. Fundi simu wa mtaa wetu wa Kimisagara, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka chumba nilichopanga, aliniambia niichukue nikachezee nje, nimwachie nafasi. Nikaibandua kwa kisu. Nilitarajia kukuta kitu cha maana ndani ya ile mikia miwili inayosimama mgongoni mwake, kwa sababu nilishasikia kwamba mtandao hutokea hapo. Ndani ya mkia kulikuwa na waya mwembamba, mfupi kuliko kidole changu. Basi.

"Maneno yanatokaje hapa?" nikamwuliza.

"Sha, rafiki yangu, unauliza kama mtu wa uhamiaji," akasema bila kuinua macho. "Umeme unakwenda na kurudi kwenye huo waya, haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Ukifanya hivyo, mawimbi yanatoka. Simu yako nayo ina waya wake mdogo. Mawimbi yakiugusa, umeme unatikisika humo ndani. Huo mtikisiko ndio barua yako."

"Kama redio?"

"Ni redio hiyohiyo. Hata mwanga wa taa ni ndugu yake. Ukoo mmoja, tofauti ni kasi ya kutikisika."

Mimi niliacha shule darasa la saba, Kigoma, na tangu hapo nimehama miji kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha funguo. Katika miji hiyo yote hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwanga na redio ni wa ukoo mmoja. Kwa majuma kadhaa nilitembea na simu mkononi nikihesabu vile vijistari vya mtandao. Nyuma ya ukuta wa matofali vilipungua kidogo. Nyuma ya mabati vilikatika. Nyuma ya tangi la maji vilibaki vya kuhurumiwa. Katika mgahawa mmoja wa Gisimenti nilinunua kikombe kimoja cha chai na kuhama nacho viti vinne, mpaka mhudumu akaniuliza ni kiti gani kinachoniuma. Nilikuwa nimegundua kwamba mteja mnene akikaa kati yangu na ruta, kistari kimoja kinaondoka. Mtu naye ni tangi la maji, nikajiambia, na nikafurahi kama niliyelipwa.

Hapo nikajitungia nadharia: waifai ni taa. Ukuta unaipunguza, bati linaizuia, na aliye karibu anaona vizuri kuliko aliye mbali. Nikampelekea fundi. Alitikisa kichwa.

"Taa inasema tu, haisikilizi," akasema. "Simu inajibu. Na wakisema wawili kwa pamoja, hakuna anayesikika. Kila mmoja ananyamaza, anasubiri kidogo, anajaribu tena."

Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimeshaipenda taa yangu.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane muuza vitenge, aliyekulia Bujumbura, na ndiyo maana tulielewana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Binti yake alikuwa amepata mchumba, na siku ya gusaba ilikuwa inakaribia, siku ambayo ukoo wa mwanamume huja rasmi kumwomba binti. Baba wa binti alikuwa amefariki. Aliyebaki wa kumtoa alikuwa baba yake mkubwa, mzee aliyeishi Kanada na ambaye ndiye aliyemlipia binti shule miaka yote. Figo za mzee zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa juma gari lilimpeleka hospitali kusafishwa damu, na daktari alikuwa amemkataza ndege.

"Wapo binamu hapa wanaoweza kusema kwa niaba yake," Mama, kama nilivyomwita mwenye nyumba, aliniambia. "Sitaki. Shemeji yangu atasema mwenyewe, kwa mdomo wake, na mtoto amsikie. Sijui kama kutakuwa na siku nyingine ya kumsikia. Wewe unayelala na maruta, utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Sherehe ilifanyika Rebero, kwa dada yake Mama, kwenye uwanja mpana ulio chini ya barabara. Nilifika asubuhi. Ruta ya nyumba niliiweka kwenye dirisha la sebule lililoelekea hema, juu, ili isizuiwe na vichwa vya watu, maana nilikuwa sijasahau yule mnene wa Gisimenti. Ndani ya hema palikuwa na skrini kubwa na kompyuta. Waya wa kuziunganisha na ruta haukutosha hata nusu ya njia, na mtandao wa simu pale bondeni ulikuwa wa kukohoa. Waifai ndiyo ilikuwa tegemeo letu. Nikampigia mzee. Sura ikaja safi, mpaka mikunjo ya shati.

"Iko inafika mpaka huku nyuma?" Mama akauliza.

"Inafika, Mama."

"Na watu wakijaa?"

"Taa haipungui kwa sababu watu wameingia," nikasema. Nakumbuka nilivyoisema sentensi hiyo, kifua mbele.

Basi Mama akafanya jambo ambalo kwa mwenyeji kama yeye lilikuwa adabu tu. Pale langoni, kando ya meza ya kunawia mikono, palikuwa na ubao mzuri wenye majina ya maharusi na maua. Akamwambia mpambaji aandike chini yake: "Karibuni, jisikieni nyumbani," na neno la siri la waifai, kwa herufi kubwa za dhahabu. Siku hiyo mgeni hanyimwi kitu. Nilipita pale, nikasoma, nikausifu mwandiko.

Mzee alitakiwa kuwa nasi kuanzia saa nane mchana. Kwao ingekuwa asubuhi, na gari la hospitali lingemchukua saa tisa ya kwetu. Saa moja nzima, tulisema, itatosha na kubaki.

Wageni waliingia kwa mistari, wakaketi upande wao wakitutazama. Katikati palibaki uwanja mtupu kwa ajili ya wasemaji wawili, wetu na wao, maana katika gusaba watu wote huja na midomo yao lakini midomo miwili tu ndiyo husema. Msemaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye fimbo. Wa wageni alikuwa mfanyabiashara mcheshi. Walisema Kinyarwanda, nami naandika kama nilivyowaelewa.

"Mmepotea njia, au mna haja?" alianza wa kwetu.

"Tumesikia hapa pana ua."

"Maua yako langoni. Nendeni mkayatazame, kisha mwende nyumbani."

Watu wakacheka, wakainua simu kupiga picha. Saa nane nikampigia mzee. Sura yake ilikuja, ikasimama. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haikuwepo. Ikaja tena vipande vipande, ikapotea. Nikapiga upya. Nikasogeza kompyuta. Nikawaomba wanawake watatu wa mbele waketi, nikiamini ni matangi ya maji. Hakuna kilichobadilika. Saa nane na nusu ikapita.

"Mzee wenu amekuwa picha ya ukutani," msemaji wa wageni akatania. "Mnataka tuzungumze na picha?"

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa mbele, ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili.

Nikakimbia kwenye dirisha. Kijitaa cha ruta kilikuwa kinawaka na kuzima bila kupumua. Kwa simu yangu nikafungua ukurasa wa ndani wa ruta, baada ya kungoja sana, na nikakuta orodha ya walioingia. Niliisukuma kwa kidole, haikwisha. Simu za shangazi, za binamu, za marafiki wa bwana harusi, zote zinatuma video za sherehe ileile kwa watu wa mbali. Nikamwona fundi kichwani, macho chini kwenye kazi yake. Taa haisikilizi. Hizi zote zilikuwa zinasikiliza, zinangoja, zinasema, zinagongana, zinangoja tena. Hewa ile ilikuwa moja, na wasemaji walikuwa mamia. Kompyuta yetu iliyomngoja mzee ilikuwa humo ndani kama mtu mpole kwenye foleni ya watu wanaosukumana.

Nikachuchumaa kando ya Mama. "Nibadilishe paswadi. Watatoka wote, abaki mzee."

Akanitazama kana kwamba nimependekeza kuwanyang'anya soda.

"Nimewakaribisha kwa maandishi, halafu niwafungie mlango mbele ya wakwe? Lakini wewe, ulilelewa wapi?"

"Mama, zimebaki dakika ishirini."

Macho yake yalijaa machozi, lakini alitikisa kichwa.

Nikaenda kwa msemaji wetu, nikamnong'oneza: "Mzee, simu zote zinaongea kwa pamoja. Ya baba mkubwa haipati zamu."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mawimbi. Hakuhitaji. Mtu aliyetumia maisha yake kugawa zamu za kusema, darasani na kwenye harusi za watu, alinielewa kabla sijamaliza. Akagonga fimbo.

"Wageni wetu, maneno yenu ni matamu. Lakini kabla ya kujibu, na sisi tuna ombi."

"Tulikuja kuomba, sasa tunaombwa!" akasema wa wageni. "Nyumba hii ina mambo."

"Ninyi mnaomba binti. Sisi tunaomba hewa. Mzee wetu yuko mlangoni tangu saa nane. Anabisha hodi, hasikiki, kwa sababu simu zenu zimejazana mlangoni."

"Zetu peke yake? Nawaona shangazi wa binti pale, wanatuma picha za viatu vyetu!"

"Na zetu pia. Tuzime pamoja. Upande utakaokutwa na simu hata moja inayowaka, utaongeza ng'ombe."

Hema likapasuka kwa kicheko. Msemaji wa wageni akawageukia watu wake. "Mmesikia? Zimeni, mimi sina zizi la pili!" Simu zikaanza kuzimwa safu kwa safu, upande huu ukichungulia upande ule usidanganywe. Bwana harusi akatoa yake kwenye koti, na bibi mmoja wa kwetu akapaza sauti: "Mkwe, na wewe ulikuwa unamtazama nani?"

Mimi nilikuwa natazama dirishani. Kijitaa cha ruta kilianza kuacha nafasi. Kinawaka, kinatulia. Kinawaka, kinatulia.

"...na huyo ng'ombe wa tatu wa mahari simjui, msinifiche!" sauti ikanguruma kutoka kwenye skrini.

Mzee alikuwa akisema muda wote huo. Hakujua kwamba hatumsikii.

"Mzee wetu," msemaji akasema kwa heshima, "tafadhali uanze upya."

"Upya? Nimemaliza ukoo mzima, nimefika kwa babu yenu wa saba!" Nyuma yake tulisikia honi. Akageuza kichwa, akarudi. Sasa alisema polepole. "Gari limefika. Basi nitasema fupi. Huyu mtoto aliachiwa mimi, na mimi nilikuwa mbali. Nilimlea kwa simu. Binti yangu, upo?"

Binti, ambaye kwa desturi alikuwa bado amefichwa ndani ya nyumba, alijibu kwa sauti kubwa kupitia dirishani, karibu kabisa na ruta: "Nipo, Baba."

"Unamtaka?"

Wageni walinyoosha shingo kusikiliza.

"Namtaka."

"Basi mimi, kaka wa baba yake, nimewapa. Nimewapa." Akainua mkono.

Vigelegele vililipuka pande zote mbili, na papo hapo kila mtu akawasha simu. Sura ya mzee ikasimama palepale, kiganja juu, midomo ikiwa imefunguka kidogo. Nikaruka kwenda kwenye kompyuta kumpigia tena. Mama akanishika shati.

"Mwache," akasema, akifuta uso kwa kona ya kitenge. "Ameshasema."