Akina mama waliopimwa baada ya misa

Saa moja asubuhi, Polycarpe Ntambwe amesimama kando ya bwawa la kuoshea mawe ya madini, nje kidogo ya Kolwezi, na hathubutu kuinua macho. Meza kumi alizochomelea mwenyewe, ili mawe yaoshwe kwa kusimama, zimeachwa. Akina mama wameinama tena majini, migongo imekunjika.

"Mi niko na haya," anasema fundi huyu wa kuchomelea kutoka mtaa wa Dilala. "Haya ya kweli."

Ana miaka thelathini na minane. Kwa miaka miwili amekuwa akisoma ergonomia jioni, elimu ya kufanya vifaa na mahali pa kazi vimfae mwili wa mfanyakazi. Alipotakiwa shuleni kubuni kifaa, hakufikiri mara mbili: meza ya kuoshea mawe. Mama yake aliosha mawe mpaka kiuno kikamshinda.

Kosa lilianzia kwenye heshima. Ntambwe aliona si adabu kuwapima mama za watu wakiwa wameloa, na vitenge vimechanika. Akawaomba waje Jumapili baada ya misa. Wakaja, lo, wamependeza! Akapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, akaandika, akashukuru. Visigino virefu vya viatu vyao hata hakuvitazama.

"Ile dimanche tulivaa talons, tata," anamwambia Fidélie, muosha mawe wa miaka arobaini na mmoja, akimwita baba kwa heshima. "Huku tuko mu babouche, hizi ndala, na matope inatumeza miguu."

Meza zikawa juu mno. Kwa wiki tatu Fidélie alinyanyua mawe usawa wa kifua, mpaka bega la kuume likagoma. Leo hawezi kumbeba mjukuu wake. Kwa nini alinyamaza? "Muntu amekufanyia kitu na roho yote, utamwambia nini?"

Maneno hayo yanamchoma Ntambwe. Shuleni meza hizo zilimpatia alama sabini na nane kwa mia. "Batu balinipigia makofi," anasema, "na mama wa batu anaumia."

Anapanga kuzitengeneza upya kabla ya mvua, safari hii zikiwa na miguu inayopanda na kushuka. Anavua viatu, anaingia matopeni na kupiga magoti mbele ya Fidélie.

"Mama, unisamehe. Uniruhusu nikupime hivi ulivyo."

"Hivi hivi, na huu uchafu?"

"Hivi hivi, mama."

Fidélie anaweka sawa kitenge chake, anasimama wima.

"Upime kushoto, tata," anasema polepole. "Uku kuume usiguse."