Mama Nyuma ya Rido

Mume wangu anasoma Biblia kila asubuhi kabla ya chai, na alikuwa anaisoma kwa Kifaransa. Nianzie hapo, maana hapo ndipo hasira yangu ilianzia. Yeye ni mwalimu wa sekondari na mhubiri kanisani, Mmetodisti mtoto wa Wametodisti. Baba yake alikuwa karani, na kwao mtoto alizaliwa akiikuta Biblia juu ya meza. Mimi natoka kijijini, upande wa Kaniama, kwa Wakatoliki wa jembe na mahindi. Kwetu Neno la Mungu lilikuwa la siku ya Mungu tu, tena kama katekista hajaugua. Nilipoolewa hapa Kamina nilifurahi, nikasema sasa nitashiba Neno kila siku. Kumbe! Miaka imepita nikikaa pale mezani, Kifaransa kinapita juu ya kichwa changu, na akili yangu iko nje kwenye mbabula, jiko langu la makaa, nawaza kama mafuta ya vitumbula vyangu yamepata moto. Amina yangu ilikuwa ya kumaliza haraka.

Halafu mama yangu akaja kukaa na sisi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kaka yangu alisema aje kwa binti yake, karibu na hospitali. Hospitali ikasema tungoje mganga wa macho apite. Nikampa chumba cha nyuma, nikangoja.

Asiyetoka kwetu aelewe jambo moja. Mwanamume wa Kiluba na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawasemezani. Si chuki, ni haya, ni heshima. Mume wangu akirudi kazini anakohoa kwenye mlango wa ua, na mama anajifunika kitenge kichwani, anaingia jikoni. Njia ya kuitoa haya hiyo ipo na kila mtu anaijua: mkwe analeta mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, inachinjwa, wanakula pamoja, na toka siku hiyo wanakuwa mama na mtoto. Mume wangu hakuileta mbuzi hiyo. Alisema yeye ni mhubiri, na mambo ya mila aliyaacha nje ya kanisa.

Sawa. Lakini haya yenyewe mbona hakuiacha? Mbuzi ni mila, na kukohoa mlangoni je? Nilimuuliza. Akanijibu kwamba kukohoa ni adabu. Nilitoka nje nisije nikamwagia mtu mafuta.

Na mama naye alikuwa vile vile. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: kusikia Injili yote, toka neno la kwanza mpaka la mwisho, bila kurukwa. Kusoma hakuwahi kujua, na katekista aliwasomea vipande vipande, leo hapa, kesho kule. Sasa amekuja kulala ndani ya nyumba inayosoma kila siku, na ukuta mmoja unamzuia. Nikamwambia ingia, mama, kaa hapa karibu na mimi, nani atakuona vibaya? Akanitazama kama vile nimemwambia aende sokoni bila nguo. Nikamwambia basi nitakusomea mwenyewe mchana. Akakataa. Neno la asubuhi ni la nyumba nzima, alisema, na yeye hataki kulishwa pembeni kama mgonjwa.

Basi nikafunga rido, pazia, kati ya salon tunaposomea na koridoo. Rido yenyewe nilikata kwenye shuka nzee. Mama akapata kigoda chake nyuma yake. Kuhusu Kifaransa tulipigana, mimi na mume wangu, siku nyingi. Alisema kinawasaidia watoto kwa masomo. Nikamuuliza kama Mungu anasahihisha diktee, imla ya shule. Mwishoni akakubali kusoma kwa Kiswahili, na kwa sababu ya mama tukaanza Luka, mistari michache kila asubuhi, kwa mpangilio.

Nilidhani nimeshinda. Sikujua mama ana maswali.

Asubuhi ile ya Zakaria kuwa bubu, sauti ikatoka nyuma ya rido, ya chini, yenye heshima, ikielekezwa kwangu. Nimuulize bwana yangu: yule mzee alimwambiaje mke wake kuhusu mtoto, naye hawezi kusema? Mume wangu amekaa mita mbili kutoka pale, amesikia kila neno. Lakini hakujibu. Alingoja nirudie swali. Nikarudia. Akajibu, akinitazama mimi. Mama akangoja nirudie jibu. Nikarudia. Na hivyo ndivyo tulivyokwenda, kila asubuhi! Maria alipokwenda kukaa kwa Elisabeti, mama akataka kujua Yosefu alikuwa anapikiwa na nani. Wachungaji walipoacha makundi yao usiku, akauliza kondoo walibaki na nani. Muulize bwana yako. Mwambie mama. Muulize. Mwambie. Mafuta yangu yanaungua nje, na mimi nimesimama katikati ya watu wawili wenye masikio mazima. Wanasema tembo wakipigana nyasi zinaumia. Hakuna aliyetuambia kwamba tembo wakiheshimiana, nyasi zinaumia zaidi.

Lakini niseme na hili, kwa maana ni kweli. Huwezi kurudia swali usilolisikiliza. Kwa kuwabebea maneno yao nilianza kusikia yale niliyokaa nayo miaka mingi bila kuyasikia. Nikikaanga vitumbula nilikuta nawaza juu ya Elisabeti, uzee ule, aibu ile ya kukosa mtoto, majirani wale. Niliomba nikiwa nimeinama juu ya mbabula, mimi ambaye sala yangu ilikuwa kusema amina. Imani yangu ilikua katika kipindi kile kuliko wakati wote wa ndoa yangu, na ilikua nikiwa nimekasirika. Kama kuna watu wanaokua kwa utulivu, Mungu awabariki. Mimi siko katika hao.

Basi siku moja nikachoka. Nikamwambia mume wangu, mbele ya watoto, kwamba mimi si telefoni. Yeye ni mhubiri anayesema mila aliziacha. Mama akiuliza tena, amjibu mwenyewe. Niliona neno limemwingia, kwa maana hata chai hakuimaliza.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumefika mahali Yesu anapotoka katika sinagogi na kuingia katika nyumba ya Simoni. Mume wangu akasoma kwamba mama mkwe wa Simoni alikuwa amelala na homa kali, na watu wakamwombea. Akasoma kwamba Yesu alisimama karibu naye. Hapo nyuma ya rido tukasikia kigoda kinasogea.

"Muulize bwana yako," mama akasema, "Simoni alikuwa wapi? Mu nyumba, ao inje?"

Nikafunga mdomo wangu. Nikatazama meza. Watoto wakanitazama, kisha wakamtazama baba yao. Yeye akaweka kidole kwenye mstari, akaangalia ile shuka nzee, na akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Alikuwa mu nyumba, mama. Simoni alikuwa mule mule."

Nilitaka kuimba. Nakiri, nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nifungue rido ile. Nilipoivuta nikakuta kigoda kitupu. Mama alikuwa chumbani, anapapasa kitandani kutafuta vitenge vyake, anavifunga furushi.

Nilimuuliza kuna nini. "Hakuleta mbuzi, hakunipa chakula," aliniambia, "na leo ananisemesha sawa muntu ya mu njia. Mbele ya bajukuu. Miye siwezi kuikala tena hapa." Nikasema alikuwa anakuheshimu, mama, alikuwa anakupokea. Nikasema ni mimi niliyemsukuma. Hata nikalia. Hakunisikia. Kwake mkwe alikuwa amepita juu yake kama mtu anayeruka mkeka wenye watu waliolala.

Akamwita kaka yangu, na kaka yangu akaja na pikipiki. Mganga wa macho hajapita. Injili tumeiacha katika sura ya nne. Mume wangu alikuwa shuleni, au alijifanya yuko shuleni, sijui. Nikamfunga mama kwa kitenge kiunoni, pamoja na kaka yangu, ili asianguke njiani, na moyo wangu ulikuwa umejaa hasira. Hasira kwake, kwa mume wangu, kwangu mimi, na, Mungu anisamehe, hata kwa Luka.

Kaka alipokwisha kuwasha pikipiki, mama akanishika mkono.

"Ule mama ya homa," akasema. "Alipona?"

"Alipona."

"Akafanya nini?"

"Aliamka, akawapa chakula."

"Na Simoni alikula?"

Nikasema Simoni alikula, wote walikula. Mama akatingisha kichwa polepole, macho yake yale ya ukungu yanatazama pembeni mwa uso wangu.

"Basi pale pa kula njo haya ilitoka," akasema. "Ambia bwana yako."

Wakaenda. Vumbi likabaki njiani, na mimi nimesimama na maneno ya mama mdomoni kama kawaida yangu.

Jioni nilimwambia mume wangu, neno kwa neno, kama nilivyozoea. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ni tafsiri ya ajabu. Alisema atafikiri. Asubuhi tukakaa mezani, watoto, yeye na mimi, na akafungua mahali panapofuata, pale jua linapokuchwa na watu wanaleta wagonjwa wao wote. Nikaweka mkono wangu mzima juu ya ukurasa, na unga wa vitumbula juu yake.

Nikamwambia hapa hatupiti. Tutasoma ya mama mkwe leo, na kesho, na kesho kutwa, mpaka mbuzi ifike kijijini, na wewe mwenyewe umeishika kamba.

Alidhani ni hasira ya siku moja. Mpaka sasa tuko pale pale. Watoto wameishika mistari ile kwa kichwa, mdogo anaisema hata akioga. Mume wangu anasoma, anafika pale yule mwanamke anapoamka na kuwapa chakula, anafunga Biblia, anakunywa chai bila kunitazama. Na kule kijijini mama yangu anakaa katika sura ya nne, hana wa kumsomea ya tano.