Mnukuzi wa tasnifu na ukimya ambao haukuwepo

Saa tatu asubuhi, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya rafu za magazeti ya zamani, kwenye maktaba ya chuo kikuu, mwanamke wa makamo anakanyaga pedali iliyo chini ya meza na sauti inasimama. Anaikanyaga upande wa pili, sauti inarudi nyuma. Anasikiliza. Anaandika maneno machache kwenye kompyuta. Anarudia.

Katika hedifoni yake, mfumaji mstaafu wa kiwanda cha nguo anasimulia mgomo uliokifunga kiwanda hicho. Mfumaji huyo sasa ni marehemu. Maktaba ilimrekodi akiwa mzee, na kila anapofikia jambo zito hushusha sauti, kama mtu anayehofia kwamba msimamizi wa zamu bado amesimama nyuma ya mlango.

"Hapa anamtaja aliyekwenda kuwachongea kwa meneja," anasema mnukuzi bila kuvua hedifoni. "Mwaka juzi mahali hapahapa niliandika *haisikiki*."

Kazi yake ni kugeuza sauti kuwa maandishi kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Hana mkataba, hulipwa kwa kila saa ya rekodi, na saa moja ya maneno humla karibu siku nzima. Ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu enzi za kanda.

Waliopita mezani kwake ni wa kila namna. Yumo muuguzi aliyewahoji wagonjwa wa kisukari, mtaalamu wa misitu aliyewahoji wapasua mbao, na mwanafalsafa aliyejihoji mwenyewe kwa saa nyingi na, kwa ushahidi wa maandishi, hakuridhika na majibu. Wote humwita Shangazi.

"Wananiletea sauti, mimi nawapa karatasi, wao wanakuwa madaktari," anasema. "Nawashukuru. Bila wao ningejua nini kuhusu figo, au vitenzi, au magogo?"

Shukrani ni neno analolitumia mara nyingi, na msikilizaji mwenye tabia ya kutilia shaka hulazimika kuuliza linatoka wapi. Jibu lake linaanzia kwa mtafiti wa popo.

Mtafiti huyo alikuwa akijirekodi pangoni, akinong'ona ili asiwashtue wanyama wake. Shangazi alipoanza kukosa maneno yake, alimwita.

"Nilimwambia, mwanangu, popo hawajui Kiswahili, we sema kwa sauti. Akaniambia, 'Shangazi, mbona hii ni sauti ileile ya mwaka jana?' Nikamwona mbishi."

Baada ya mtafiti wa popo, walaumiwa waliongezeka. Vijana wa siku hizi walikuwa wanarekodi ndani ya debe. Vinasa sauti vya bei nafuu vilikuwa havifai. Nyumbani, binti yake alikuwa na mazoea mabaya ya kuongea akiwa amempa mgongo. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa ananung'unika tu kama kawaida yake, na hilo halikuhitaji maelezo.

"Nilidhani mama amekuwa mkaidi," anasema binti huyo. "Namwambia zima jiko, anajibu, 'Ndiyo, mvua itanyesha.' Nikasema basi, ndio uzee umeanza, na mwenyewe hajafika huko."

Kosa lilikomaa mikononi mwa mwanahistoria.

Huyu ni baba wa watoto wawili aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu wanawake wa kile kiwanda cha nguo. Wafumaji wengi walikwishafariki, hivyo alitegemea rekodi za maktaba, na rekodi alizitegemea kupitia kwa Shangazi. Za mwanzo alizisikiliza mwenyewe akilinganisha na maandishi, na yalikuwa sahihi neno kwa neno. Zilizobaki hakuzisikiliza. Watu huajiri wanukuzi kwa sababu hiyo.

Alipoyasoma maandishi, aliona jambo. Wanawake walizungumza kwa wingi kuhusu mashine, mishahara na waume zao. Walipofika kwenye mgomo, ukurasa ulijaa mabano: *haisikiki*, *haisikiki*, *haisikiki*. Ilikuwa hivyo kwa mfumaji mmoja baada ya mwingine.

Mtu wa kawaida angekagua spika. Mwanahistoria aliandika sura nzima. Aliipa jina "Ukimya", na ndani yake alieleza kwa umakini, akinukuu wanazuoni wengi, jinsi wanawake wanyonge wanavyolizika jambo chungu kwa kukataa kulitamka. Msimamizi wake aliisifu kuwa ndiyo roho ya tasnifu.

Kila Jumatano chuo hicho huwalazimisha wanafunzi wote wa uzamivu, wa maabara na wa vitabu, kuketi katika ukumbi mmoja na kusikilizana. Lengo ni kubomoa kuta baina ya taaluma. Chai hutolewa mwishoni, kwa kuwa ikitolewa mwanzoni watu huondoka na kuta hubaki zenyewe.

Mwanahistoria aliiwasilisha sura yake hapo, na alimwalika Shangazi ili amshukuru mbele ya watu. Alitaka wasikilizaji wausikie ukimya wenyewe. Alikuwa amezijaribu spika za ukumbi, rekodi hakuijaribu. Akabonyeza.

Ukumbini ikatoka sauti ya mfumaji, ya chini lakini wazi, akieleza nani aliitisha mgomo, nani aliuuza, na mlango upi waliupitia polisi walipofika. Alizungumza kwa takriban dakika mbili. Maandishi yaliyokuwa ukutani nyuma ya mwanahistoria yalisema *haisikiki*.

"Niliona watu wanageuka kunitazama," anakumbuka Shangazi. "Nikadhani ndiyo kile kipande cha kunishukuru. Nikainamisha kichwa, nikatabasamu."

Mtu wa kwanza kunyanyua mkono alikuwa mwanafizikia, mwanamke kijana anayetafiti jinsi mtetemo unavyopita katika mifupa. Aliuliza, "Aliyenukuu anasikia?"

Ukumbi ulilipokea swali hilo kama tusi. Yeye alilikusudia kama swali. Alikuwa na kifaa cha kupimia usikivu alichokibuni na alikosa watu wa kukijaribia, kwa sababu tangazo lake liliwaomba watu wasiosikia vizuri wampigie simu.

Wiki hiyo mambo mawili yalikuwa kwenye mizani. Idara ilianza kuzungumzia programu ya kompyuta inayonukuu yenyewe, na mkuu wake akasema wazi kwamba mnukuzi asiyesikia hana kazi hapo. Mwanahistoria, kwa upande wake, alikuwa amebakiza muda mfupi kuwasilisha tasnifu ambayo roho yake ilikuwa imetoka mbele ya mashahidi.

Angeweza kumtupia lawama zote mnukuzi, na hakuna ambaye angemshangaa. Alimwandikia mkuu wa idara kwamba masikio yake mwenyewe yalikuwa mazima na hayakutumika, akaomba aongezewe mwaka. Kisha alikwenda kwenye chumba kisicho na dirisha pamoja na mwanafizikia.

"Alinikuta nafungasha vitu vyangu," anasema Shangazi. "Nikamwambia, mwanangu, nimekuharibia. Akasema, 'Shangazi, hebu kaa kwanza. Mwache huyu akupime. Kulia tutalia baadaye, kwa zamu.'"

Katika maabara ya fizikia, mwanafizikia alimwekea kifaa chenye ukubwa wa kifungo cha koti kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafungulia rekodi ileile.

"Nikamsikia yule mama. Haikupitia sikioni, nilimsikia ndani ya kichwa. Kila neno. Machozi yakanitoka, na yule binti akaniambia nisitikise kichwa, naharibu vipimo."

Vipimo hivyo, na baadaye vya hospitali, vilitoa jibu moja. Neva za kusikia zilikuwa nzima. Kilichokwama ni kimfupa kilicho ndani ya sikio, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichoganda mahali pake kikaacha kutikisika. Masikio yote mawili yalikuwa hivyo, na la kulia lilizidi. Daktari angeweza kukiondoa na kuweka kipande kingine cha kutengenezwa. Alimweleza pia kwamba mara chache sikio lililopasuliwa hupoteza usikivu wote.

"Nikamuuliza, hiyo mara chache inampata nani? Akasema haiwezekani kujua. Nikamwambia, kumbe hata wewe daktari unaandika *haisikiki*."

Aliamua kupasuliwa sikio la kulia peke yake, ili mambo yakienda kombo abakiwe na salio.

Baada ya upasuaji alipata kizunguzungu cha siku kadhaa na bandeji kubwa. Wanafunzi wa uzamivu walipeana zamu kumsaidia nyumbani. Mkemia alichemsha kila kitu, vikiwemo vitu visivyohitaji kuchemshwa. Mwanafalsafa alikuja kumliwaza na ikabidi yeye ndiye aliwazwe. Mtafiti wa popo aliketi kitini kwa muda mrefu bila kusema neno, na mgonjwa anakiri kwamba huyo alimfaa kuliko wote.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mkasi wa muuguzi ukiwekwa kwenye sinia. Anasema ulimfikia kama gari lililogongwa. Cha pili kilikuwa mumewe, aliyekuwa akinong'ona pembeni kwamba maegesho ya hospitali ni wizi mtupu.

"Zamani nilikuwa nanung'unika kwa raha zangu," anasema fundi cherehani huyo, akishona pindo la suruali. "Sasa nikifungua mdomo tu, naulizwa, 'Umesemaje, baba watoto?' Lakini namshukuru Mungu. Nilikuwa nimeanza kuongea na cherehani."

Mkuu wa idara amemruhusu kuendelea na kazi, kwa sharti kwamba apimwe kila mwaka na kifaa cha mwanafizikia, ambaye naye amepata mtu wa kumwandika katika tasnifu yake. Programu ya kompyuta ilijaribiwa. Iliposikilizishwa mfumaji aliyeshusha sauti, haikuandika *haisikiki*. Ilibuni sentensi nzuri ambazo marehemu hakuzisema. Idara bado inatafakari.

Shangazi ameanza upya rekodi zote za mgomo, na kwa hizi amekataa malipo. Mwanahistoria aliitupa sura yake na kuandika nyingine kutokana na yale ambayo wafumaji waliyasema kwa kweli. Anasema mpya ni nzuri kuliko ya kwanza. Msimamizi wake, ambaye aliisifu ya kwanza, anasema hivyohivyo.

"Walikuwa wanasema miaka yote hii," anasema Shangazi, akivua hedifoni hatimaye. "Mimi nilipewa nafasi ya kurudi kuwasikiliza. Ni wangapi wanapewa?"

Mwanahistoria anatetea tasnifu yake mwezi ujao, mbele ya watahini na umma. Viti vya mbele vimetengwa kwa wageni wa heshima, na kimoja kina jina la Shangazi. Shangazi amemrudishia mwanahistoria kadi ya kiti hicho, pamoja na asante.

"Mbele hata zamani ningesoma midomo," anasema. "Nitakaa nyuma kabisa, pale mlangoni watu wanapopiga soga. Swali la mwisho likinifikia nikiwa kule, nitajua sikio la kulia limepona kweli, na kesho yake naenda kumwambia daktari anipasue na la kushoto."