Karani na Jembe la Kuazima

Nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi, hakuna kitu nilichokipenda kama habari za vita. Wenzangu shuleni walipenda hadithi za sungura na fisi. Mimi nilitaka bunduki, madaraja yaliyovunjwa, watu waliolala kifudifudi katika migomba huku adui akipita hatua tatu mbele yao. Nilizaliwa Butembo karibu na uhuru, na waasi walipofika kwetu nilikuwa mdogo mno. Ninachokumbuka ni mgongo wa mama tu, jasho lake na harufu ya moshi katika kitenge, akipanda mlima. Sikuona maiti hata moja. Labda ndiyo sababu niliweza kuzipenda zile habari.

Aliyetusimulia alikuwa jirani yetu, mtu wa Beni, Mwislamu, dereva wa lori. Watoto wote wa mtaa tulimwita Papa Shofere. Lupango letu, yaani ua wetu, lilikuwa na lango pana, kwa hiyo lori lake lililala kwetu kila alipotoka Kasindi, mpakani mwa Uganda, na mzigo wa chumvi na vitambaa. Baba yangu, Mkatoliki asiyekosa misa, alimpenda kama ndugu. Jumapili mchana, tukirudi kanisani, tulimkuta ameketi kwenye tairi kuukuu akinywa chai, nasi tukajipanga chini mbele yake.

Alikuwa fundi wa maneno. Katika vita vyake bunduki zilikataa kulia, majemadari walidumbukia matopeni, na watu wetu walipona kwa ujanja. Wakati wa uasi alilazimishwa kuwabeba wapiganaji katika lori lake, na aliweza kuiga sauti ya kila mmoja wao. Lakini habari niliyoiomba kila Jumapili ilikuwa moja, ya karani na jembe.

Karani huyo alifanya kazi katika ofisi moja ya Beni. Alikuwa mrefu, mwenye adabu nyingi, mtu wa kuwaomba pardon, samahani ya Kifaransa, hata mbuzi waliosimama njiani. Siku zile waasi walikuwa wakiwatafuta wasomi. Ukivaa miwani, ukiwa na kalamu mfukoni, umekwisha. Basi karani akatupa viatu vyake, akaficha miwani ndani ya mzigo wa muhogo, akajaribu kuvuka kwenda Uganda kwa miguu akijifanya mkulima. Kwenye barabara ya Kasindi waasi wakamsimamisha. Wakamwambia, kama wewe ni mkulima, lima tuone. Wakachukua jembe la mzee mmoja aliyekuwa shambani mwake pale kando, wakampa.

Hapo Papa Shofere alisimama na kushika jembe la hewa. Karani aliliinua juu ya kichwa kama mtu anayetwanga mawe. Kila alipochimba alikanyaga udongo alioulima. Na donge la udongo lilipomrukia mkubwa wa waasi kifuani, karani akasema, "Pardon, chef." Sisi watoto tuligaagaa chini kwa kicheko. Waasi nao walicheka hadi mmoja akaangusha mkuki, mkubwa wao akajifuta machozi akasema, "Huyu ni mwendawazimu, mwacheni." Karani akaondoka na jembe begani mpaka Uganda, na mzee wa shamba akabaki akidai jembe lake.

Niliijua kwa moyo. Nilianza kuisimulia mwenyewe shuleni, na nikisema kweli, nilijivuna. Nilijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kupunguza sauti.

Siku moja Papa Shofere alifika kutoka Lubero akiwa amebeba viazi na abiria mmoja, mama wa umri wa mama yangu, anayekwenda Beni kwa mazishi ya mjomba wake. Mabamba ya chuma yanayobeba uzito wa lori yalikuwa yamekatika, na matengenezo yangechukua siku nzima. Mama yangu akamkaribisha yule mgeni, akampa maji ya kunawa na kigoda, wakaketi uani kwetu wakichambua maharagi. Mimi nilikaa karibu nao. Papa Shofere alikuwa chini ya lori, tukisikia nyundo yake.

Mgeni alikuwa mtu wa maneno machache. Nikaona nimchangamshe.

"Mama, nikuelezee habari ya vita? Inachekesha sana."

"Ya vita, na inachekesha?" akasema. "Eleza basi, mutoto wangu."

Nikaanza. Nilisimama, nikaiga mwendo wa karani, nikaficha miwani. Niliposema aliomba pardon hata mbuzi, mikono yake ilisimama katika maharagi. Nilidhani nimempata. Mtu anayesimulia hufurahi akiona mikono ya msikilizaji imesimama. Nikaendelea kwa nguvu zaidi, nikainua jembe, nikakanyaga udongo, nikasema, "Pardon, chef."

Hakucheka. Aliuliza polepole, "Ule karani, alikuwa na pengo hapa mbele?"

Sikujua. Katika habari yetu hakuwa na pengo. "Papa Shofere ndiye anajua, mama. Yeye alikuwako."

"Na kisha balimuacha?"

"Ndiyo. Balicheka, balimuacha. Alienda mpaka Uganda."

"Mpaka Uganda," akarudia. Akaweka ungo chini kwa uangalifu, maharagi yasimwagike. Akatengeneza kitambaa cha kichwani. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa kama wa msichana. "Bwana yangu alikuwa karani wa Beni," akamwambia mama yangu. "Mimi nilikuwa nimeenda kwetu Lubero kuzaa. Tangu siku ile hakuna mutu aliniambia kitu. Bote banasema alikufa, mais lakini hakuna mutu alimuona. Donc basi iko Uganda."

Mama yangu alinitazama. Nyundo chini ya lori ilikuwa imenyamaza.

Papa Shofere alijitoa chini ya lori kwa mgongo. Mafuta meusi yalikuwa yamemganda hadi viwikoni. Hakuja karibu. Alisimama pale alipotokea, akijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mama," akasema, "huyu mutoto hana kosa. Kosa ni yangu."

"Balimuacha?" mgeni akauliza tena.

"Hapana, mama. Hawakumuacha."

Mama yangu akaniambia niingie ndani. Niliingia jikoni, lakini ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa wa mabanzi na nilisikia yote. Nilitaka kusikia. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo linanipa taabu kulisema. Nilijua kinachokuja ni kibaya, na nilisogeza sikio.

Alieleza bila kuiga sauti ya mtu yeyote. Waasi walicheka, hiyo ilikuwa kweli. Walicheka kwa muda mrefu, na karani akaanza kucheka pamoja nao, akidhani amepona. Kisha mkubwa wao akamwambia afungue mikono. Viganja vilikuwa laini. "Na pardon umeisomea wapi?" akamuuliza. Wakamgeukia dereva, ambaye alikuwa amekaa katika lori karibu kabisa, wakamuuliza kama anamfahamu mtu huyu.

"Nilikuwa nimemubeba mara nyingi," Papa Shofere akasema. "Aliniandikia barua zangu za kwa serikali. Yeye aliniangalia. Nilisema simujui."

Halafu akaeleza walivyotumia lile jembe. Sitayaandika hapa. Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimefuta, kwa sababu nilijikuta nikichagua maneno mazuri.

Mgeni hakupiga kelele. Nilisikia akiuliza kitu kimoja tu, kama alikuwa amevaa shati la mistari, na Papa Shofere akajibu ndiyo. Akasema, "Ile nilimushonea mimi."

Lori lilipona kesho yake. Badala ya kushukia Beni, mgeni aliomba apelekwe mahali pale. Mama yangu alikwenda naye, kwa kuwa haikufaa aende bila mwanamke mwenzake. Walirudi baada ya siku nne. Mama alinieleza machache. Mzee mwenye shamba alikuwa bado hai. Ndiye aliyemzika karani, siku waasi walipoondoka, pamoja na maiti nyingine mbili alizozikuta hapo, na alikuwa amepanda mti mdogo kuwa alama. Alimwambia mjane kwamba jembe lile alilitupa mtoni. Mjane alikaa hapo hadi jua likawa kali, Papa Shofere akasali sala zake upande mmoja na wao wakasema rozari upande mwingine. Wakati wa kuondoka, mjane alishika mkono wa Papa Shofere kuagana naye kama desturi, lakini hakupanda mbele karibu naye tena. Alirudi akiwa amekaa nyuma, juu ya magunia.

Alilala kwetu kabla ya kuendelea na safari ya Lubero. Nilimkwepa asubuhi nzima. Nilipopita na ndoo ya maji akaniita.

"Kuja hapa. Unaniogopa?"

"Hapana, mama. Naomba unisamehe."

"Kwa nini? Weye ulieleza muzuri. Nilimuona." Akanivutia kigoda. "Nieleze tena. Mais ishia pale analima."

Sikutaka. Mama yangu, aliyekuwa akipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akatikisa kichwa kunionyesha kwamba nisikatae. Nikasimulia bila kusimama, nikiangalia ndoo. Nilipofika pale anapokanyaga udongo alioulima, yule mama akafunika mdomo kwa mkono na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Ndiyo vile alikuwaka," akasema. "Kwetu kwa shamba, mama yangu alikuwa anamufukuza. Hakujua kulima hata kidogo." Akacheka, kisha akalia, kisha vyote viwili pamoja, na mimi sikujua niendelee au ninyamaze. Niliendelea. Nikaishia pale alipotaka. Akaniambia, "Wasingya," ndiyo asante yetu, akachukua mzigo wake akaenda kutafuta lori jingine. Hatukumwona tena.

Papa Shofere aliendelea kulaza lori kwetu, lakini Jumapili alikuwa akienda kukaa kwa Waislamu wenzake sokoni. Watoto walimdai habari mwezi mmoja, miwili, wakachoka. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, yeye tayari mzee mwenye kikohozi, nilimuuliza kwa nini alikuwa ameigeuza.

"Mara ya kwanza niliieleza batoto bangu vile ilikuwa," akasema. "Balilia, na mimi nililia. Mara ya pili, nilipofika pale, nilimuacha aende. Niliona ni vizuri. Basi kila Jumapili nilikuwa namuacha aende."

"Na ulipojua ni uongo?"

"Nilikuwa najua siku zote, mama," akasema. Alikuwa ameanza kuniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana waliokua. "Weye hukupenda?"

Nilimwambia nilipenda. Nilikuwa bado napenda. Nilisoma kila kitabu cha vita kilichopatikana kwa mapadri, na nilipofika mahali pa damu nilifunga kitabu, nikatembea uani, nikarudi. Sikuruka ukurasa hata mmoja. Mume wangu alinicheka. Aliniambia, kama inakuumiza, acha. Nilihisi kwamba nikiacha nitakuwa namkimbia mtu, na nikiendelea nitakuwa namchungulia.

Halafu uasi ukarudi, ule ulionikuta nywele zimeanza mvi, na baada yake mwingine. Nilikuwa nafundisha Butembo. Asubuhi moja risasi zililia upande wa Rughenda, kwenye uwanja wa ndege, kisha zikasogea kuelekea sokoni. Niliwaambia wanafunzi walale chini ya madawati. Walikuwa zaidi ya arobaini, wadogo, na baadhi walianza kulia kwa sauti, jambo ambalo nililiogopa kuliko risasi zenyewe. Nikawaambia nitawapa hadithi, ila wanyamaze.

"Ya vita, Madame," akasema msichana mmoja aliyekuwa karibu na mguu wangu.

Nilitaka kuwapa ya sungura. Lakini wenzake wote walikuwa tayari wamenyamaza wakisubiri ya vita, na mimi nilijua kuisimulia kuliko nyingine yoyote. Nikaanza kuwatungia moja, ya kikosi kilichopotea msituni, bila damu, yenye njaa na mvua na nyani mmoja mwizi. Walisikiliza. Wengine walicheka, chini ya madawati, huku madirisha yakitetemeka.

Risasi zilikoma kabla sijaimaliza. Wazazi wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakiita majina mlangoni. Kufikia mchana alibaki yule msichana peke yake. Tulikaa naye kwenye dawati la mbele. Mama yake alikuwa muuzaji wa samaki sokoni.

"Madame, kile kikosi kilitoka msituni?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Bado sijui," nikamwambia. "Sijafika huko."

Alikubali. Shangazi yake ndiye aliyekuja kumchukua, saa tisa, akiwa pekupeku na amejifunga kitenge kiunoni jinsi wanawake wetu wanavyojifunga kwenye msiba. Nilimpa begi la mtoto, nikawasindikiza hadi barabarani, nikarudi kupanga madawati.